Makonge Nyuma ya Nyumba

Nilisukuma mlango wa nyuma kwa nyonga, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeshika beseni la maji ya nepi, na mlango haukufunguka. Nikasukuma tena. Ukaachia nafasi ya kupitisha mkono, kisha ukagonga kitu na kugoma. Nilidhani ni mtu amelala pale nje, maana walevi wa mtaa wetu hawakuwa na ubaguzi wa mahali pa kulala. Nikachungulia. Mbele ya jicho langu, karibu kiasi kwamba ningetoa ulimi ningelilamba, palikuwa na jiwe la ujenzi, juu yake jingine, juu yake jingine, na katikati yake simiti mbichi.

Mtu alikuwa amejenga ukuta mbele ya mlango wangu.

Jana yake nilikuwa nimepeleka watoto kliniki, nikapitia kwa mama yangu mzazi, tukarudi jioni tumechoka na hatukufungua nyuma. Mama mkwe naye alikuwa kanisani kwenye kikao cha akina mama. Siku moja tu tumewapa mafundi mgongo, tayari tumefungiwa kama kuku.

Nilikuwa nimevumilia mengi kwenye ule mjengo wa ghorofa nyuma yetu. Nilivumilia vumbi kwenye uji, nikavumilia kelele mtoto akilala, nikavumilia vijana wa mkono, wasaidizi wa fundi, kuchungulia uani kutoka juu nikiwa naoga na karai. Lakini pale kwenye ule ufa wa mlango kitu kilikatika ndani yangu, nikakisikia kikikatika. Nilimfunga mdogo mgongoni, nikamwacha mkubwa na nyanya yake, nikabeba beseni langu likiwa limejaa vilevile, nikatoka kwa mlango wa mbele. Nikapita veranda za majirani wote hadi mwisho wa safu, nikazunguka, nikaingia leni ya nyuma kwa upande wa juu. Maji yalinimwagikia miguuni njia nzima. Nilikuwa nimevaa slipa za chumbani, moja ya bluu na moja ya kijani, na sikujali.

Fundi alikuwa juu ya mbao, mwiko mkononi. Alikuwa mtu wa makamo kutoka pande za Mwala, huko mashambani, mtu mpole, na upole wake ulinikasirisha zaidi.

"Mathe, pitia ule upande, hapa kuna kazi."

"Kazi gani?"

"Si unaona? Ukuta."

"Na hiki ni nini?" Nikaupiga teke mlango wangu.

"Ni mlango."

"Unafungukia wapi?"

Akautazama kana kwamba ndio kwanza umeota pale. "Jana ilikuwa imefungwa siku yote. Tukasema labda hamtumii."

"Kwa hivyo mlango usipofunguliwa siku moja umekuwa ukuta? Wewe usipofungua mdomo siku moja tukupige plasta?"

Vijana wa mkono wakacheka, mmoja akaweka chini ndoo yake ya mchanga ili acheke vizuri. Fundi hakucheka. "Mama, usinikasirikie. Mimi nimefuata mpaka."

"Mpaka gani?"

Akanyoosha mwiko. "Si hiyo makonge? Na si mimi nimepanda. Ni nyanya wa hapa kwenu amepanda. Kwetu mtu akipanda makonge, amesema."

Nikainua beseni nikamwaga maji yote kwenye ule mstari wa juu wa mawe.

"Mama! Simiti haijashika!"

"Ndiyo maana namwaga sasa. Ikishika utaitoa kwa nyundo. Leo utaitoa na huo mwiko wako."

"Na hiyo ni maji gani?"

"Ya mtoto. Ukitoka kazini, oga."

Nikarudi nyumbani kwa njia ileile ndefu na beseni tupu. Mtoto alikuwa amelala mgongoni, hajui kitu.

Yule asiyejua nyumba zetu lazima nimweleze, la sivyo ataona niligombania mlango tu. Ni safu ya nyumba za mawe, zilizojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi zamani, kabla wazazi wetu hawajazaliwa. Mbele ni duka lenye milango ya mbao inayokunjwa. Juu ya veranda kuna mabati mazito ambayo kutu imeyashindwa, na ukingo wake umekatwa maua kama kitambaa cha kutarizi. Nyuma ya duka kuna vyumba viwili, nyuma ya vyumba ua wenye jiko na choo, kisha ukuta wa ua wenye mlango, kisha leni. Leni ni ile njia iliyopita nyuma ya nyumba zote, imenyooka toka barabara ya juu hadi ya chini. Zamani za vyoo vya ndoo, watu wa baraza la mji walipita huko kubadilisha ndoo, ili walio mbele wanaonunua sukari wasione. Ndoo zikaisha, leni ikabaki. Sisi tuliitumia kwa punda wa makaa, kwa takataka, na kwa lile lori linalokuja kufyonza choo kikijaa. Choo chetu kilikuwa kikijaa bila kuomba ruhusa.

Baba mkwe alianza kama mpangaji wa veranda tu. Aliweka cherehani yake pale nje, akashona suruali za watu wengine miaka na miaka, hadi mwenye nyumba alipohama akamwuzia yeye. Watu hawakuamini. Mshonaji, na nyumba ya mawe katikati ya mji! Sikumkuta hai, lakini alama za miguu ya cherehani yake zipo kwenye sakafu ya veranda hadi leo. Nyumba aliwaachia mke wake na mwana wake mmoja, ambaye ndiye mume wangu, dereva wa lori la vifaa vya ujenzi. Wiki nyingi alikuwa barabarani, na nyumba ikabaki yetu sisi wanawake.

Basi tulikuwa watano kwenye vyumba viwili, na duka tulikuwa tumelipangisha ili tule. Nilitaka vyumba viwili zaidi kule uani na choo cha kuvuta maji. Sikutaka makuu. Nikaenda ofisi za baraza, wenyewe tuliwaita kanjo, nikaambiwa haiwezekani, mtaa wetu uko kwenye orodha ya nyumba za zamani zinazochunguzwa zihifadhiwe.

"Zihifadhiwe na nani?"

"Na nyinyi."

Kabla ya hapo alikuwa amekuja mwanamke mmoja wa mambo ya makumbusho, kutoka Nairobi, kamera shingoni, sauti laini kama ya kuongea na mgonjwa. Aliupapasa mlango wa duka kama mtu anayepapasa ng'ombe wa maziwa. Akapiga picha nguzo, mabati, vitasa, hata leni akaipiga. Akaniambia nina bahati sana.

"Tafadhali msibadilishe chochote," akasema.

"Hata choo?"

Akafikiri. Nawaambieni kweli, alifikiri. "Choo nacho kina historia yake."

"Basi nenda ukakitumie," nikamwambia.

Akaenda zake. Nilijiambia huyu anaipenda nyumba yangu kuliko anavyowapenda waliomo ndani. Sikuwa nimekosea sana, lakini nilikuwa nimekosea kidogo, na nitafika hapo.

Nyuma yetu sasa, ng'ambo ya leni, palikuwa na stoo ya mabati. Mwenyewe aliibomoa, akapewa kibali cha ghorofa nne, kwa maana stoo ya mabati haikuwa ya zamani kwa mtu yeyote. Mwenye ghorofa alianza kwa mitumba soko la Tala, akaingia vifaa vya ujenzi, akawa mzee wa kanisa. Sikuwa na ubaya naye wala na ghorofa lake. Dadangu mdogo alikuwa muuguzi hospitali kuu, anakaa chumba cha mabati mbali huko, anatembea na hofu akitoka zamu, na yeye alikuwa ameshachagua chumba chake cha juu kabla hata ngazi hazijajengwa. "Nitakuwa nikikuona ukipika," aliniambia. Watu wanahitaji mahali pa kulala, na si kila mtu ameachiwa nyumba na mshonaji. Hilo nilikuwa nalijua hata nikiwa na hasira.

Mchana wa siku ile ya beseni, mwenye ghorofa alikuja mwenyewe. Alipitia mbele, akavua kofia, akakaa. Mama mkwe akamwekea chai, kwa sababu mtu akiingia kwako anakunywa chai hata kama amekujengea ukuta mdomoni.

"Nasikia mama watoto ameogesha mafundi wangu," akasema akicheka.

"Nilikuwa na maji kidogo, mzee. Kesho nitakuwa na mengi."

Akacheka tena, halafu akaacha. Akamgeukia mama mkwe, akaanza Kikamba cha heshima, kile cha mahari na mazishi. Sisi ni watu wa nyumbani, alisema. Hii nyumba itawaua kwa baridi. Kanjo hawawaachi mjenge, makumbusho hawawaachi mbomoe, mnaishi kama vitu vya kuangaliwa. Akatoa neno lake: tumwuzie. Atatupa vyumba viwili kwenye ghorofa, tukae kama wenyewe, maji ya mfereji ndani, choo cha kuvuta.

Sitadanganya hapa. Aliposema choo cha kuvuta, roho yangu ilisimama ikachungulia. Niliona nepi zikioshwa kwa mfereji. Niliona siendi uani mvua ikinyesha na mtoto mgongoni. Kisha nikaona zile alama za cherehani kwenye veranda, na lori la mawe likizimwagia kokoto.

"Na mlango wangu?" nikauliza.

"Mlango si shida yangu, mama. Mimi nimejenga kwa mpaka. Mpaka mmeweka nyinyi. Mwaitu, si ni wewe ulipanda makonge?"

Mwaitu ni mama, ndivyo sote tulivyomwita. Na mwaitu, ambaye siku zote akifungua kinywa unaweza kuchemsha maharagwe yakaiva kabla hajakifunga, hakujibu. Aliweka kikombe chini, akainuka, akaingia chumbani.

Yule bwana akamaliza chai yake, akashukuru, akavaa kofia. Alijua amegusa wapi.

Wa kwetu wanaelewa. Shambani ukipanda makonge kwenye mstari, umesema hapa ni mwisho wangu na pale ni mwanzo wako. Anayesogeza mpaka anaogopwa kuliko mwizi wa mbuzi, maana mbuzi analipwa, lakini mpaka unafuata watoto. Mama mkwe alizaliwa huko Mwala. Alipofika mjini akiwa mke wa mshonaji, aliona wanaume wakitoka kilabuni wanaingia leni, wanauelekea ukuta wake, wanakojoa. Akaenda kwao akachukua miche ya makonge kwenye gunia, akaipanda leni nzima ya nyuma yetu, mbali na ukuta kiasi cha jembe kupita. Mwenye kutaka kukojoa achomwe. Ilikuwa dawa nzuri, ilifanya kazi. Hakuwaza mpaka hata kidogo, kwa maana leni si ya mtu, utaweka mpaka na nani?

Sasa fundi naye ni mtu wa Mwala. Alipofika na kamba yake akaona makonge yamenyooka, hakuuliza, akang'oa machache yaliyomzuia, akajenga hadi kwenye mstari. Angekuwa fundi wa Mombasa angeona mimea tu. Mwenye ghorofa yeye alikuwa na ramani ya ploti yake, aliijua leni kama alivyojua mfuko wake. Aliliona kosa la fundi, akaliacha limfanyie kazi.

Wiki zilizofuata ukuta uliendelea kupanda, na nyumba ikaanza kunuka. Hewa haikuwa inapita, ukuta wa ua ukaota ukungu wa kijani, choo kikakaribia ukingo, na lori la kufyonza likaja, likasimama barabarani, dereva akapima mpira wake wa kufyonzea kwa macho akatikisa kichwa. "Nipitishe wapi, dukani?" Mpangaji wetu wa duka akasema ukipita dukani yeye anahama. Mpangaji akihama hatuli. Nikaona wazi mambo yanakokwenda: hakuna atakayetufukuza, tutajitoa wenyewe kwa pua.

Nikaenda kanjo. Karani wa mapokezi alikuwa kijana wa tai, anakunywa soda. Nikamweleza yote.

"Leta kwa maandishi."

"Nimekueleza kwa mdomo na umesikia vizuri, umetikisa kichwa."

"Mama, mdomo haupigwi muhuri." Akaweka soda chini. "Na huyo mwenye ghorofa ameshafika hapa. Anasema makonge ni mpaka wenu wa miaka. Nani alipanda?"

"Mama mkwe."

"Basi yeye ndiye aseme."

Nikapitia kibanda cha simu nikampigia yule mwanamke wa makumbusho, kwa kadi aliyokuwa amemwachia mume wangu. Nilikuwa nimejitayarisha kugombana. Nikamwambia leni imejengwa. Ile sauti laini ikapanda ghafla kama ya mwanamke wa sokoni.

"Leni? Wamejenga ndani ya leni? Hiyo leni ndiyo inayoonyesha mtaa ulipangwa vipi! Ni ya umma!"

"Nami nikitaka kujenga uani nimekatazwa."

"Uani? Uani mimi sina neno sana. Ni mbele na leni ndivyo vyenye maana. Ungejenga nyuma bila kugusa mbele, ningekuandikia barua mimi mwenyewe."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniambia nikatumie choo."

Nilicheka pale kibandani hadi mwenye kibanda akagonga kioo. Kumbe tungeongea mapema kama watu. Yeye alikuwa akitetea mawe, mimi nikitetea watoto, na kila mmoja alidhani mwenzake anabomoa.

Nilifika nyumbani nikiwa mwepesi, nikakuta mlango wa mbele wazi na mama mkwe hayupo. Nikamfuata leni. Alikuwa ameinama na panga, anakata makonge yake, shuka imemtoka kiunoni, miiba imemchora mikono damu. Fundi alikuwa amesimama kando, kofia mkononi, hajui amsaidie au akimbie.

"Mwaitu, wacha!"

"Nitoe aibu yangu."

"Ukiyatoa watasema umeficha."

"Na yakibaki watasema mke wa mshonaji aliweka mpaka kwenye ardhi ya watu. Mwana wakwa, mwanangu, nitazikwa na hilo neno. Watoto wako wataulizwa."

Nilimshika mkono wenye panga. Hasira yangu yote ya wiki zile sikupata pa kuiweka. "Mwaitu, ulipanda kwa nini?"

"Si unajua."

"Nataka useme wewe. Kule ofisini."

"Niende niseme mbele ya wanaume wa kanjo kwamba watu wanakojoa?"

"Wao ndio wanaokojoa, mwaitu."

Alinitazama. Kisha akaanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu kwa mwili wote, hadi akakaa chini kati ya makonge yaliyokatwa. Fundi naye akaanza kucheka kwa adabu, mkono mdomoni. "Hata mimi," akasema polepole, "siku ya kwanza nilienda pale kwa kona." Mama mkwe akamtupia kipande cha konge. Tulicheka watatu kwenye leni hiyo nyembamba hadi vijana wa mkono wakashuka kuona kuna nini. Fundi akavaa kofia yake. Akasema akiulizwa, atasema alifuata makonge na hakuonyeshwa ramani. Sikumwomba. Akapanda tena mbao zake, lakini siku ile hakuongeza jiwe upande wetu.

Barua tuliiandika kwenye meza ya jikoni, mimi nikishika kalamu, yeye akisema, mtoto akivuta karatasi. Mume wangu alirudi safari akaikuta, akaisoma akiwa amesimama.

"Umeweka 'kukojoa'? Kwa baraza la mji? Weka 'kujisaidia'."

"Kujisaidia ni kujisaidia nini?" mama yake akamwuliza. "Hawakujisaidia. Walitukojolea."

Ikabaki.

Sasa naweza kusema yaliyofuata bila moyo kwenda mbio. Ukuta ule ulirudishwa nyuma kwenye ploti ya mwenye ghorofa, kwa kelele nyingi na maombi ya kanisani, na lori la kufyonza likapita. Ghorofa lilimalizika, lipo, linatuzibia jua la asubuhi na tumelizoea. Dadangu alikaa kile chumba cha juu hadi alipoolewa, na kweli alikuwa akiniona nikipika, akinipigia kelele nimeunguza. Sisi tulijenga vyumba viwili na choo uani, mbele hatukugusa hata msumari. Makonge mama mkwe aliyang'oa mwenyewe taratibu, mbele ya majirani, mchana kweupe, akaacha moja tu pale kwenye kona ambayo fundi aliitaja.

Lakini siku niliyopumua si ile ukuta ulipobomolewa. Ni asubuhi niliyompeleka mama mkwe ofisini amevaa gauni la ushirika wa kanisa na leso mpya. Yule karani wa tai akaisoma barua kimya, akafika mahali fulani akakohoa, akamtazama mama mkwe, akatazama chini. Mama mkwe hakutazama chini. "Soma kwa sauti," akamwambia, "mimi sina miwani." Akasoma kwa sauti, ofisi nzima ikasikia, mzee mmoja kwenye foleni akasema, "Kweli kabisa." Karani akauliza kama ndivyo alivyosema. Mama mkwe akasema ndivyo, akatia sahihi yake ya herufi tatu aliyofundishwa na mshonaji wake. Kisha muhuri ukapigwa, tap, na mabega yake yakashuka kama mtu aliyetua kuni. Nakala yetu ninayo, na ilisema hivi:

*Kwa Karani wa Baraza la Mji,*

*KUH: MALALAMISHI YA KUFUNGIWA LENI NA MLANGO*

*Sisi ni wenye nyumba ya mawe yenye duka, ya mshonaji marehemu. Tunalalamika kwamba jirani wa nyuma amejenga ukuta ndani ya leni ya umma na kuufunga mlango wetu. Asiyeamini asimame barabara ya juu, atazame leni hadi barabara ya chini. Zamani mtu aliona moja kwa moja. Leo ataona ukuta umetoka nje kama ulimi.*

*Hatusemi ghorofa lisijengwe. Watu wanataka vyumba, na mmoja wao ni wa damu yetu. Tunasema lijengwe kwenye ploti yake.*

*Pia tunasema hivi. Mkitaka nyumba zetu zibaki za zamani, mbele zitabaki, hatuna haraka ya kuzibomoa. Lakini turuhusuni kujenga uani, tuishi nyuma kama watu wa leo. Mtu hawezi kuhifadhi nyumba ambayo imemshinda kukaa.*

*Kuhusu makonge, maneno haya ni ya mama mwenye nyumba, ameyasema kwa mdomo wake na kutia sahihi: "Makonge niliyapanda mimi. Si mpaka. Mpaka naujua, nimezaliwa na watu wa mashamba. Niliyapanda ili wanaume waache kukojoa kwenye ukuta wa mume wangu. Leni si yangu na si ya jirani. Ni ya kupita. Naomba ifunguliwe, tupite."*